Herufi, Vibonye na Sauti: Historia ya Kuchagua Njia ya Kuingizia Maandishi katika Kompyuta

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza jambo ambalo wanaisimu wetu, kwa maoni yangu, wameliacha mno mikononi mwa mafundi wa mitambo. Jambo lenyewe ni hili: mtu anapotaka kuiandikia kompyuta, aiandikie kwa njia gani? Huweza kubonyeza vibonye, kuandika kwa kidole au kalamu juu ya kioo, au kusema na maneno yake yakageuzwa kuwa maandishi. Kila njia kati ya hizi ina historia yake, na kila moja imebeba ndani yake dhana fulani kuhusu lugha: sauti zake ni ngapi, zipi zastahili herufi, na lahaja ipi ndiyo lugha yenyewe. Mtu achaguapo njia ya kuingizia maandishi huwa amekwisha kuchagua othografia, ajue asijue.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikusanya msamiati wa ufugaji wa nyuki kutoka kwa wazee wa Ukambani. Kibodi aliyoitumia haikumpa ĩ wala ũ kwa urahisi, naye aliponiuliza afanyeje nilimjibu kwamba aandike i na u za kawaida, alama tutazitia baadaye. Hiyo “baadaye” ilipowadia, orodha ilikuwa na maneno mengi ambayo yeye mwenyewe, ingawa Kĩkamba ni lugha ya mama yake, hakuweza kuapa yalitamkwaje. Ilimbidi arejee kwa wazee. Mmoja wao alikuwa amefariki. Tangu siku hiyo sijaweza kuliona suala la vibonye kuwa la makarani peke yao.

Hapo mwanzo mashine za kuhesabu hazikuandikiwa kwa herufi hata kidogo. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, Herman Hollerith alitumia kadi zilizotobolewa matundu, na tundu lilisimama badala ya habari: umri, jinsia, mahali pa kuzaliwa. Kadi za namna hiyo ziliendelea kutumika katika kompyuta mpaka miaka ya 1970 na baadaye kidogo. Kibodi nayo haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Ilirithiwa kutoka kwa taipureta ya Christopher Latham Sholes, aliyepata hataza yake mwaka 1868 na ambaye mashine yake iliuzwa na kampuni ya Remington kuanzia mwaka 1874. Kompyuta iliupokea mpangilio ule kama mtoto anavyopokea nguo za kaka yake. Mwaka 1963 ulipotolewa msimbo wa ASCII, wenye nafasi 128 tu kwa herufi, tarakimu, alama na amri zote, mpaka wa kile kinachoweza kuandikwa ukawa umechorwa kwa kufuata mahitaji ya Kiingereza. Mwaka huo huo wa 1963 Ivan Sutherland alionyesha jinsi mtu anavyoweza kuchora moja kwa moja juu ya skrini kwa kalamu ya nuru, na mwezi Desemba 1968 Douglas Engelbart akakionyesha hadharani kipanya. Vyombo hivi viwili vilibadili namna ya kuielekeza kompyuta. Namna ya kuiandikia maneno havikuibadili sana. Hata leo mwenye kipanya mkononi huhitaji kibodi akitaka kuandika barua.

Kiswahili kiliingia katika historia hii kikiwa na bahati, au tuseme kikiwa kimekwisha kulipa gharama mapema. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, tahajia iliyosanifishwa haikuwa na herufi hata moja isiyopatikana katika taipureta ya Mwingereza. Sauti ya ng' ilipewa ritifaa. Dh, th, gh na ch ziliandikwa kwa herufi mbili mbili. Karani wa Mombasa au Tanga hakuhitaji mashine maalumu. Gharama yake nitaieleza baadaye.

Hata hivyo kuenea katika kibodi si sawa na kuifaa. Mwaka 1936 August Dvorak na William Dealey walipata hataza ya mpangilio mwingine wa vibonye, ambao wafuasi wake wamedai tangu zamani kuwa unachosha vidole kidogo kuliko ule wa Sholes. Mabishano juu ya dai hilo kwa Kiingereza hayanihusu hapa. Linalonihusu ni kwamba Dvorak aliziweka irabu zote tano kwenye mkono wa kushoto, katika mstari wa kati, na konsonanti nyingi akaziweka kulia. Kwa lugha ambayo silabi zake aghalabu ni konsonanti moja ikifuatwa na irabu, mpangilio huo ungeonekana kama umekatwa kwa kipimo chake: mkono wa kulia hupiga konsonanti, wa kushoto ukajibu kwa irabu, na kazi ikaenda kama twanga na pepeta. Lakini jaribu kuandika neno “kukaa”. Herufi k, ambayo Kiingereza huitumia kwa nadra, Dvorak aliitupa mstari wa chini upande huo huo wa kushoto, pamoja na j; na p na y nazo ziko kushoto, juu. Hivyo basi ki-, ka-, ku-, ya-, ja- na pa-, ambazo ndizo nguzo za sarufi yetu ya ngeli na nafsi, zote humwangukia mkono mmoja. Sijapata kuona mpangilio wa vibonye uliopangwa kwa kuhesabu herufi za Kiswahili na kisha ukapata watu wa kuutumia. Tumekuwa wageni kote kuwili.

Mfano ulio mpana zaidi wa uchaguzi huu tunaupata Uchina. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, niliishi jirani na mwanafunzi Mchina ambaye kibodi yake ilikuwa sawasawa na yangu. Nilistaajabu kumwona akibonyeza herufi za Kirumi, kisha mstari mdogo wa maandishi ya Kichina ukatokea chini, naye akachagua moja kwa tarakimu. Nilimwuliza kama hiyo ndiyo njia pekee. Alicheka, akasema baba yake hutumia nyingine kabisa, na kwamba wawili hao hawawezi kuazimana kompyuta bila kugombana.

Wazo la kuandika kwa kuchagua ni la zamani kuliko kompyuta. Mwandishi Lin Yutang aliunda taipureta ya Kichina aliyoiita Mingkwai, iliyoonyeshwa mwaka 1947. Ilikuwa na vibonye 72. Mtumiaji alibonyeza kibonye kwa sehemu ya juu ya herufi, kingine kwa sehemu ya chini, kisha katika kidirisha kidogo zikatokea herufi zisizozidi nane, akachagua aliyoitaka. Mashine hiyo haikuingia sokoni, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa imepotea mpaka mwaka 2025, ilipotangazwa kwamba imepatikana Marekani. Lakini wazo lake la kwamba mwandishi hapigi herufi bali huita kundi la herufi kisha akachagua, lilipita likaingia katika kompyuta.

Kompyuta zilipofika, swali likawa: herufi ya Kichina iitwe kwa umbo lake au kwa sauti yake? Mhandisi Zhi Bingyi alilitafakari jambo hilo akiwa kifungoni wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Ukutani kulikuwa na wito wa maneno manane uliowataka wafungwa wakiri makosa yao. Akawa anazitazama herufi zake siku nenda siku rudi, akizichambua sehemu sehemu na kuandika misimbo juu ya kifuniko cha kikombe cha chai kwa kuwa hakuwa na karatasi. Mfumo wake ulichapishwa mwaka 1978. (Msomaji wa Kenya hatakosa kumkumbuka marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye katika mwaka huo huo wa 1978 alikuwa gerezani Kamĩtĩ akiandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za chooni.) Huko Taiwan, Chu Bong-Foo alikuwa amekwisha kubuni njia ya Cangjie mwaka 1976, na mwaka 1982 akaacha haki zake ili kila mtu aitumie. Mwaka 1983 Wang Yongmin alitoa njia ya Wubi, ambayo huandika herufi yoyote kwa kubonyeza mara nne au pungufu. Njia zote hizi ni za umbo. Mtu huzijifunza kwa miezi, lakini akishazijua huandika kwa kasi kubwa.

Njia ya sauti ilitegemea Pinyin, yaani maandishi ya Kirumi yaliyoidhinishwa na serikali ya Uchina mwaka 1958 na kufundishwa shuleni. Udhaifu wake ulikuwa dhahiri: silabi moja kama “shi” ina herufi kwa makumi, na msimbo wa serikali wa mwaka 1980 peke yake ulikuwa na herufi 6,763. Kuzitafuta moja moja kulichosha. Kompyuta zilipopata uwezo wa kukisia maneno mazima na sentensi badala ya silabi moja moja, udhaifu huo ulipungua, na njia ya sauti ikawapata wengi kuliko zote katika Uchina bara. Haikuhitaji masomo mapya; mtoto aliyemaliza darasa la kwanza alikuwa tayari anaijua.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kukaza macho. Njia za umbo haziulizi unaitamkaje herufi. Mtu wa Guangzhou na mtu wa Beijing, ambao wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake ya nyumbani hawasikilizani, huweza kutumia Wubi kwa usawa kamili. Pinyin humlazimu kila mwandishi kuitamka kimoyomoyo lugha ya taifa kabla hajaandika neno. Hakuna sheria ya lugha inayofanya kazi yake mara elfu kwa siku kama kibodi. Aidha, Wachina wenyewe hulalamika siku hizi kwamba mtu huinua kalamu na kuisahau herufi, kwa maana mkono umezoea kuchagua wala hauchori tena. Sidai kwamba walikosea kuchagua walivyochagua. Nasema tu kwamba waliobishana juu ya jambo hili walijua wanabishania lugha, na kwetu mabishano hayo hayakufanyika.

Nisieleweke vibaya, majaribio yalikuwapo barani Afrika. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi za ziada kama ŋ, ɛ na ɔ kwa lugha zinazozihitaji. Mwaka 1978, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Niamey, wataalamu walikubaliana juu ya alfabeti ya marejeo ya Kiafrika. Mwaka 1982 Michael Mann na David Dalby waliirekebisha, wakaifanya kuwa na herufi 60 na kuondoa kabisa herufi kubwa, na mwaka 1984 wakapendekeza kibodi ya kuiandikia. Ni vigumu kutowaheshimu watu waliofahamu kwamba alfabeti isiyo na kibodi ni maiti. Lakini kuziondoa herufi kubwa ili vibonye vitoshe ni kuikata miguu ili kitanda kienee, na kibodi ile haikuwafikia waandishi.

Lugha za Kenya ya kati hazikuhitaji hata mageuzi makubwa kiasi hicho. Gĩkũyũ, Kĩkamba na Kĩmĩrũ zina irabu saba, na othografia zake zilitosheka na alama ya wimbi juu ya i na u. Katika taipureta nyingi alama hiyo haikuwapo, mwandishi akaitia kwa kalamu baada ya kuitoa karatasi mashineni. Kompyuta iliondoa hata ruhusa hiyo ya kalamu. Jedwali la herufi lililosanifishwa mwaka 1987 kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi lilikuwa na ã, õ na ñ, lakini halikuwa na ĩ wala ũ. Herufi hizo mbili zilipatikana katika jedwali jingine, lililokusudiwa watu wa Baltiki, Wasami na wenyeji wa Greenland! Mpaka Unicode ilipotolewa mwaka 1991 na kisha kuenea polepole, mwandishi wa Gĩkũyũ aliyetaka kuandika jina la lugha yake alipaswa kujifanya raia wa nchi ya barafu.

Na tusidhani kwamba Unicode ilimaliza neno. Ujumbe mfupi wa simu huchukua herufi 160 maadamu kila herufi imo katika jedwali dogo la nafasi 128 lililowekwa na watengenezaji wa mfumo wa GSM. Jedwali hilo lina ñ, ü, è na hata herufi kubwa kadhaa za Kigiriki. Ĩ na ũ hazimo. Mtu akitia ĩ moja tu katika ujumbe wake, ujumbe mzima hugeuzwa kuwa wa msimbo mwingine, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Yaani anayeandika Gĩkũyũ kwa tahajia sahihi hulipia ujumbe wa pili kabla mwenzake anayekiharibu hajaumaliza wa kwanza. Walimu wamewalaumu vijana kwa uvivu wa kutoandika alama. Mimi nawasihi walimu hao wahesabu senti kwanza.

Simu za vibonye zilituachia pia ushahidi wa Kiswahili ambao ungestahili tasnifu. Katika simu hizo herufi tatu au nne zilikaa kibonye kimoja. Neno “Kiswahili” lenye herufi tisa lilihitaji kubonyeza mara 22. Herufi s ilikuwa ya nne katika kibonye cha 7, hivyo ilibonyezwa mara nne. X ilikuwa ya pili katika kibonye cha 9, ikabonyezwa mara mbili. Ndipo nadhani tunapoweza kuelewa kwa nini vijana waliandika “xaxa” badala ya “sasa”: mara kumi zilishuka zikawa sita. Hata hivyo maelezo haya hayatoshi. “2onane” kwa “tuonane” hakupunguzi chochote kwa hesabu hiyo, kwa sababu “tu” ni mara tatu, ilhali tarakimu 2 ilipatikana kwa kubonyeza mara nne au kwa kukishikilia kibonye. Kinachookolewa hapo ni nafasi moja kati ya zile 160, pamoja na ladha ya kuchanganya Kiingereza. Na simu za kioo zilipokuja, ambamo s na x hugharimu mguso mmoja sawasawa, x haikutoweka mara moja. Baadhi ya vijana waliendelea nayo kama pambo. Njia ya kuingizia maandishi ilikuwa imezaa tahajia, kisha ikafa na kumwacha mtoto hai.

Nirudi sasa kwenye ile gharama niliyoiahirisha. Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu, na washairi wakubwa wa pwani waliandika hivyo. Hati hizo zilikuwa na taabu zake: herufi moja ya ب ingeweza kusomwa ba, pa au mba, na msomaji alitegemea kuijua lugha. Waandishi waliongeza nukta kwa p, ch na v, na Mombasa ilipata wataalamu walioziboresha zaidi ili kuonyesha sauti za Kimvita ambazo tahajia sanifu haizionyeshi. Kwa Mmvita, paa la nyumba na paa wa porini hutofautiana: wa pili hutamkwa kwa mpumuo. Tahajia ya mwaka 1930 huandika yote mawili sawa. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapitio ya historia ya maandishi haya na mapendekezo ya kuyaendeleza.

Je, mtu leo ayaingizeje katika kompyuta? Akitumia kibodi ya Kiarabu atakosa baadhi ya herufi alizozihitaji, na vidole vyake, vilivyofunzwa shuleni kwa Kirumi, vitapotea. Kevin Donnelly alitunga programu iitwayo Andika!, ambayo humwezesha mtu kuandika kwa herufi za Kirumi, maneno yakageuzwa kuwa ya Kiarabu, na kinyume chake. Ni njia ile ile ya jirani yangu Mchina: andika sauti kwa Kirumi, upate maandishi mengine. Faida yake ni kubwa kwa wahariri wa tenzi. Ila ili mashine ijue paa ipi ina mpumuo, sharti mwandishi aiandike tofauti hiyo kwa Kirumi kwanza, na hilo ndilo tahajia sanifu haikumfundisha kulifanya.

Sasa imekuja njia ya sauti, na wengi wanaona kwamba itatuondolea mashaka yote ya vibonye. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya Google iliingiza Kiswahili na Kiamhari katika lugha ambazo mtu huweza kuziandika kwa kusema. Mwaka huo huo shirika la Mozilla lilianzisha mradi wa Common Voice wa kukusanya sauti za watu wanaojitolea, na Kinyarwanda kikapata zaidi ya saa elfu moja za sauti. Jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya hazijalifikia. Kiswahili nacho kimo.

Nimeijaribu njia hii kwa mzee wa Mombasa, rafiki wa familia yetu, ambaye macho yake hayaoni vibonye tena. Alisema sentensi tatu kwa Kimvita chake. Ya kwanza, iliyokuwa salamu, ilitoka vizuri. Ya pili mashine iliisahihisha ikaifanya Kiunguja, ikabadilisha hata jina la samaki aliyemtaja. Mzee aliponiomba nimsomee alichokisema, nilimsomea. “Hayo si maneno yangu, mwanangu,” akasema, “ni ya yule aliyemo humo ndani.” Tukajaribu mara ya pili. Safari hii alisema polepole, kwa lafudhi ya mtangazaji wa redio, na mashine ikamwelewa neno kwa neno.